Tulipoifuata pete ya jua hadi Rujewa

Jua lilipopatwa Nairobi mwaka 2010, lilimwachia mdogo wake doa katika jicho. Miaka sita baadaye MWANDISHI WETU alifunga naye safari hadi nyanda za Usangu, kusini mwa Tanzania, kulitazama tena.

MTAFUNWA na nyoka akiona unyasi hushtuka. Ndivyo walivyosema wahenga, na mdogo wangu ni shahidi wa methali hiyo, ila yeye hakutafunwa na nyoka. Alitafunwa na jua.

Ilikuwa Ijumaa, Januari 15, 2010. Nilikuwa na umri wa miaka 18, nimemaliza kidato cha nne na nimekaa nyumbani Eastlands, Nairobi, nikingoja matokeo ya mtihani. Yeye alikuwa na miaka 12, mwanafunzi wa darasa la saba. Usiku uliotangulia nilisikia redioni kwamba asubuhi jua lingepatwa, na kwamba ni hatari kulitazama kwa macho matupu. Kulipokucha mdogo wangu alikunywa uji, akachukua mkoba wake, akaenda shule. Sikumwambia neno. Mimi nilikuwa na nguo za kufua.

Mwendo wa saa mbili unusu hivi, mwanga ulianza kupoa. Haikuwa giza la usiku wala la mawingu, bali mwanga mchovu kama wa taa ambayo mafuta yake yanaisha. Kibaridi kikapita uani. Jirani mmoja akapaza sauti kwamba tuingie ndani sote. Nikaacha nguo katika beseni, nikaingia, nikaziba dirisha kwa leso. Nilipotoka, jua lilikuwa limerudi na nguo zilikuwa zikiningoja.

Shuleni kwa mdogo wangu, walimu waliwafungia watoto madarasani na kufunga madirisha. Waliambiwa atakayetoka atapofuka. Hawakuelezwa jua limepatwa na nini, wala hawakuonyeshwa namna yoyote ya kulitazama kwa usalama. Yeye aliomba ruhusa ya kwenda msalani. Akasimama nyuma ya vyoo, akafumba jicho la kushoto kama mtu anayelenga ndege kwa manati, akalitazama jua kwa jicho la kulia. Alihesabu hadi mia moja.

Hakusikia maumivu yoyote. Alirudi darasani akijiona shujaa. Ilipofika jioni, akifanya kazi ya nyumbani, aliniuliza kwa nini kitabu chake kimetoboka. Kila herufi aliyoitazama ilikuwa ikitoweka.

Katika hospitali tulikompeleka, daktari alitueleza jambo ambalo sijalisahau. Utando ulio nyuma ya jicho, unaopokea taswira ya vitu, hauna neva za maumivu. Jua likiuunguza, mtu hahisi chochote. Hugundua saa kadhaa baadaye, nalo jeraha halina dawa. Kilichobaki ni kungoja. Wengi hupata nafuu baada ya miezi, na wengine hubaki na doa maishani. Mdogo wangu alipata nafuu kiasi, lakini doa dogo lilibaki katikati ya jicho la kulia. Akiwa na macho yote mawili wazi, jicho la kushoto humsaidia wala mtu hawezi kujua. Akilifumba la kushoto, akalitazama neno "mama" kwa la kulia, anaona "ma" na tena "a", na kati yake hakuna kitu.

Tangu siku hiyo hakupenda habari za jua wala mwezi. Nami tangu siku hiyo nilikuwa na langu moyoni, kwa maana mimi ndimi niliyeisikia redio nikanyamaza.

Kwa nini pete?

Kabla hatujafunga safari, msomaji, yafaa tuelewane kuhusu kilichotokea angani siku hiyo.

Jua hupatwa wakati mwezi unapopita katikati ya dunia na jua, na kivuli chake kutuangukia. Jua ni kubwa kuliko mwezi mara 400 hivi kwa upana, lakini pia liko mbali zaidi mara 400 hivi. Kwa hiyo vyombo hivi viwili huonekana vya ukubwa unaokaribiana sana.

Hata hivyo, njia ya mwezi kuizunguka dunia si duara kamili. Kuna wakati mwezi hutukaribia hadi kilomita 363,000 hivi, na kuna wakati husogea hadi kilomita 405,000 hivi. Ukiwa karibu huonekana mkubwa kidogo, na ukipita mbele ya jua hulifunika lote, mchana ukawa usiku. Ukiwa mbali huonekana mdogo, na hata ukiwa katikati kabisa ya jua hushindwa kulifunika. Hapo ukingo wa jua hubaki ukiwaka kuuzunguka, na huo ukingo ndio pete.

Pete ya Januari 2010 ilikuwa nene. Mwezi ulikuwa mbali, nayo dunia ilikuwa karibu na jua, kama iwavyo kila mwanzo wa mwaka. Kivuli kilianzia Jamhuri ya Afrika ya Kati, kikapita Kongo, Uganda, Kenya na kusini mwa Somalia, kikaingia Bahari ya Hindi. Hapa Nairobi pete ilidumu karibu dakika saba. Kule baharini ilidumu dakika 11 na sekunde nane, na wataalamu wanasema pete ya kudumu muda mrefu kuliko huo haitaonekana hadi Desemba mwaka 3043. Si 2043, msomaji. Ni 3043.

Naam, tukio la namna hiyo lilipita juu ya paa letu, nami nikaziba dirisha kwa leso.

Wala si kwamba Kenya haijazoea wageni wa namna hii. Juni 30, 1973 jua lilifunikwa lote kaskazini mwa nchi, na wanasayansi wakapiga kambi Loiyangalani, kando ya ziwa ambalo leo tunaliita Turkana. Februari 16, 1980 lilifunikwa tena, safari hiyo upande wa kusini mashariki. Novemba 3, 2013 watu walisafiri hadi Sibiloi, Turkana, kutafuta sekunde chache tu za giza, na wengi wao wakazibiwa na vumbi na mawingu dakika za mwisho.

Kioo cha Mkenya

Mapema mwaka 2016, nikiwa nimetoka chuoni na diploma yangu ya uandishi wa habari, nilisoma kwamba Septemba 1 pete nyingine ingeonekana Afrika. Ingepita Gabon, Kongo, kusini mwa Tanzania, Msumbiji, Madagascar hadi kisiwa cha Réunion. Mahali pazuri kwa Tanzania palitajwa kuwa Rujewa, makao makuu ya wilaya ya Mbarali, mkoani Mbeya.

Nilimwendea mdogo wangu. Alikuwa na umri wa miaka 18 sasa, amemaliza shule ya upili. Nikamwambia twende. Alicheka, kisha akaona sichezi.

"Nifuate jua hadi Tanzania?" akaniuliza. "Lenyewe lilinifuata hadi chooni."

Aliyekataa kabisa ni mama. "Jua limeshachukua jicho moja," alisema. "Mnataka lichukue la pili?" Sikuwa na jibu la haraka. Ilinibidi nitafute kioo kwanza.

Nilianzia Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali, ambapo siku nzima watu huchomelea masanduku, jiko na magurudumu ya mikokoteni. Mafundi wengi walikuwa na vioo vya namba 10 na 11. Hivyo havitoshi. Kwa jua hutakiwa kioo cha kuchomelea chuma cha namba 14, ambacho ukivaa ukiwa ndani ya nyumba huoni chochote, hata balbu. Fundi mmoja mzee alinielekeza duka la vyuma huko River Road. Nikakipata, kikubwa kama bahasha ndogo, cheusi kama makaa. Rafiki mmoja akanipatia pia miwani moja maalum ya karatasi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo hiyo.

Nilimpeleka mama uani saa saba mchana, nikamwekea kioo usoni, nikamwambia inua kichwa. Alitazama kimya. Jua lilionekana kama senti iliyosuguliwa, la kijani, dogo na pole.

"Kumbe ni kadogo hivi?" akasema. Hakuruhusu kwa maneno, lakini usiku huo alianza kutuhesabia nauli.

Barabarani

Tulitoka Nairobi alfajiri ya Jumanne, Agosti 30. Namanga tulionyesha hati zetu na kadi za chanjo ya homa ya manjano, tukapita Arusha, Moshi na mashamba ya mkonge ya Korogwe, tukaingia Dar es Salaam usiku. Tulilala karibu na kituo cha mabasi cha Ubungo, na saa kumi na mbili asubuhi tulikuwa katika basi la Mbeya.

Ama kwa hakika barabara ile ni nusu ya safari. Baada ya Morogoro basi hukata katikati ya mbuga ya Mikumi, na abiria huona twiga na swala bila kulipa kiingilio. Kisha ni bonde la mibuyu, mibuyu mingi mno, imesimama bila majani wakati wa kiangazi kama wazee waliosahau nguo. Pale Ruaha Mbuyuni vijana hukimbilia madirishani na vitunguu. Halafu ni mlima wa Kitonga, ambapo malori ya kwenda Zambia hupanda yakihema na madereva hushika usukani kwa mikono yote miwili.

Kiti cha mbele yetu alikaa mzee mmoja mwenye kofia nyeupe ya kiua, anayetoka Tanga. Tulimwamkia shikamoo, naye akatuitikia marahaba, wajukuu zangu. Aliposikia tunafuata kupatwa kwa jua, alituuliza kama hatuogopi. Mdogo wangu akamjibu kwamba anaogopa sana.

Mzee akatusimulia. Mtume Muhammad alifiwa na mwanawe mchanga, Ibrahim, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua linaomboleza. Mtume mwenyewe akawakanya, akawafundisha kwamba jua na mwezi ni ishara za Mungu tu, wala havipatwi kwa sababu ya kifo cha mtu yeyote. Ndiyo maana Waislamu huswali swala maalum jua likipatwa, badala ya kutabiri mikosi. Baadaye niligundua kwamba wanaelimu ya nyota wamelihesabu tukio hilo kuwa la Januari 27, mwaka 632, nalo lilikuwa la aina hii hii ya pete.

"Kwa hiyo, mjukuu wangu," mzee alimalizia, "jua halina ugomvi na wewe."

Mdogo wangu hakujibu. Alitazama nje hadi Iringa.

Rujewa

Tulipita Mafinga na baridi yake, tukapita Makambako, kisha barabara ikateremka kuingia nyanda za Usangu. Huko joto lilirudi. Tulishuka njia panda jua likizama, tukachukua bodaboda mbili hadi mjini.

Mbarali ni nchi ya mpunga. Mito inayoshuka kutoka milimani huchepushwa kwa mifereji kuingia mashambani, kabla maji yake kujiunga na Ruaha Mkuu. Mwezi Septemba mavuno huwa yamekwisha. Tulikuta mabua makavu, ng'ombe wakitembea ndani ya majaruba yasiyo na maji, na vumbi jekundu juu ya kila kitu. Wakati huo wa mwaka anga ya huko huwa safi, na ndiyo sababu watu wengi walipendelea kwenda kutazamia huko.

Nyumba za wageni zilikuwa zimejaa. Walikuwapo watalii wenye kamera ndefu kama mirija ya maji, wanafunzi wa vyuo, na familia zilizotoka mikoa ya mbali. Mama lishe mmoja alituhurumia, akatupa chumba cha mwanawe.

"Karibuni, dada, karibu kaka," alisema huku akitupakulia wali na maharagwe. Nikamweleza kwamba nyanya yangu alizoea kusema jua likipatwa watoto wafungiwe ndani. Akaacha kijiko hewani.

"Nyanya? Nyanya za kwenu Kenya zinasema?"

Nilikumbuka kwamba wenzetu husema bibi, na kwamba nyanya kwao ni ya mchuzi tu. Tulicheka hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, kwamba hata bibi yake yeye alisema vivyo hivyo, na kwamba mwenyewe alikuwa hajaamua kama kesho atafungua genge au atafunga mlango.

Saa nne hadi saa sita

Siku ya Alhamisi uwanja ulikuwa umejaa mapema. Kwa wiki kadhaa wataalamu kama Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania walikuwa wamelieleza taifa kupitia magazeti na redio nini kingetokea na jinsi ya kukitazama. Matunda ya kazi hiyo yalionekana. Watu walijua saa. Walijua neno pete. Kilichopungua ni miwani.

Baada ya saa nne asubuhi mtu mmoja alipiga kelele, "Limeng'atwa!" Nikavaa miwani. Kweli, pembeni mwa jua palikuwa na kipande kilichomegeka, kama chapati iliyoonjwa na mtoto.

Nilimpa mdogo wangu kioo. Alikipokea, akakigeuza, asikivae. Pembeni yetu palikuwa na watoto wa shule ya msingi na mwalimu wao, mama wa makamo, wakiwa na miwani mbili kwa darasa zima. Watoto wa nyuma walikuwa wakitazama juu kwa kuchungulia kati ya vidole.

Nilimwona mdogo wangu akiruka.

"Hapana! Hapana, usitazame hivyo!" Alimshika mtoto mmoja mabega, akamgeuza kutoka kwa jua. Mwalimu akageuka kwa mshtuko. Mdogo wangu akaomba radhi, akamwita mwalimu, akamwonyesha kile kioo. Walizungumza kidogo. Sikuyasikia yote, ila nilimwona akilionyesha jicho lake.

Baada ya hapo mwalimu aliwapanga watoto mistari miwili. Yeye alishika mstari wa miwani, mdogo wangu akashika mstari wa kioo. Kanuni ilikuwa moja: uso chini, ziba macho, ndipo uinue kichwa, hesabu mpaka tano, teremsha kichwa, ndipo utoe. Kila mtoto aliirudia kabla ya kupewa. Jua lilikuwa juu sana, na shingo zilikuwa zikiuma, lakini hakuna aliyeacha mstari.

Kwa waliongoja zamu tulitafuta kazi nyingine. Chini ya mwembe, mwanga unaopita kati ya majani huwa unatupa madoa ya duara ardhini. Hayo madoa, msomaji, ni picha za jua. Siku hiyo yote yalikuwa miezi michanga, mamia ya miezi michanga mavumbini, yote ikielekea upande mmoja. Mtoto mmoja alitoboa karatasi ya daftari kwa ncha ya kalamu, akaishika juu ya mgongo wa mwenzake, na jua lililomegeka likaonekana kwenye shati jeupe. Wote wakataka kutoboa daftari. Mwalimu akaruhusu ukurasa mmoja mmoja.

Ilipokaribia saa sita mwanga ulipauka. Rangi ya vumbi ilitoka katika wekundu ikawa kama ya kijivu. Joto lilipungua hadi mama lishe wetu, aliyekuwa ameamua kufungua genge baada ya yote, akajitanda kanga mabegani. Nilikuwa nimesikia kwamba kuku hudanganyika wakaenda kulala. Kuku wa Rujewa hawakudanganyika. Waliendelea kuparua.

Kwa saa moja unusu mdogo wangu alikuwa amewahudumia watoto wa watu. Yeye mwenyewe alikuwa hajainua kichwa hata mara moja.

Pete

Dakika chache kabla ya saa sita pembe mbili za jua zilirefuka, zikapinda, zikakaribiana. Uwanja wote ukanyamaza. Kisha zikagusana.

Nililiona kwa miwani. Pete nyembamba, kamili, isiyo na kiungo, na ndani yake weusi wa mwezi. Safari hii mwezi ulikuwa mkubwa zaidi machoni kuliko ule wa 2010. Ulifunika karibu sehemu 97 kwa 100 ya upana wa jua, na pete haikuwa nene kuliko uzi. Watu wakaanza kupiga makofi, kisha vigelegele. Wenye miezi michanga ardhini walipiga kelele zaidi, kwa kuwa chini ya mwembe miezi yote iligeuka pete.

Hapo ndipo msichana mdogo, wa kama miaka tisa, alimrudishia mdogo wangu kioo.

"Kaka, na wewe je?" akamwuliza. "Zamu yako."

Alitazama chini. Akaziba macho kwa kioo. Akainua kichwa polepole.

Pete ya Rujewa ilidumu karibu dakika tatu tu. Sikuitazama yote, kwa sababu nilikuwa nikimtazama yeye. Alikaa vile kwa muda, kisha akafumba jicho la kushoto, kama alivyofanya nyuma ya vyoo miaka sita kabla. Moyo wangu uliruka, ingawa nilijua kioo kipo.

"Dada," akasema bila kuteremsha kichwa, "kwa jicho la kulia, nikilitazama moja kwa moja, halipo kabisa. Nikitazama kando kidogo, linatokea. Doa langu lina ukubwa wa jua."

Sikuwa nimelifikiria hilo, lakini ndivyo ilivyo. Taswira ya jua nyuma ya jicho haifiki hata robo ya milimita, na jeraha linaweza kulingana nayo. Jua lilikuwa limemwachia chapa yake lenyewe, saizi yake kamili, na mpaka siku hiyo alikuwa hajawahi kulipima.

Akateremsha kichwa, akatoa kioo. Alikuwa akitabasamu na machozi yakimtoka. Aliniambia ni vumbi.

Mazungumzo ya jioni

Jioni hiyo, tukinywa chai gengeni, nilimwambia lile lililokuwa moyoni kwa miaka sita. Kwamba usiku ule wa 2010 nilisikia onyo redioni, na asubuhi nikamwacha aende bila kumwambia.

Alinitazama kwa mshangao.

"Kwani mimi nilikuwa wapi? Tulikuwa chumba kimoja. Hata mimi niliisikia."

Nikabaki mdomo wazi.

"Nilisikia redioni, nikasikia kwa nyanya, nikasikia kwa walimu," akaendelea. "Wote walisema usitazame. Hakuna aliyesema utazame kwa nini. Ndiyo maana nilitoka."

Msomaji, nimeandika makala mengi tangu wakati huo, lakini sijapata kusikia somo la uzazi lililo fupi na zito kuliko hilo. Mtoto anayeambiwa "usitazame" peke yake amepewa kiu bila maji. Wale watoto wa Rujewa hawakuwa watiifu kuliko mdogo wangu. Walikuwa na mwalimu, mstari, na kitu cha kuvaa machoni.

Kwa hiyo, mzazi, yaweke haya akilini kabla siku yenyewe haijafika. Jua la pete halitazamwi kwa macho matupu hata kwa nukta moja, kwa kuwa jua halifunikwi lote wakati wowote. Ni pale tu jua linapofunikwa lote ndipo mtu anaweza kulitazama bila kizuizi, nako ni kwa muda ule mfupi wa giza kamili. Miwani ya kawaida ya jua haifai. Kioo kilichopakwa masizi hakifai, wala filamu za eksirei, wala kutazama jua ndani ya beseni la maji. Kinachofaa ni miwani maalum isiyo na mkwaruzo wala tundu, au kioo cha kuchomelea cha namba 14. Kisichogharimu kitu kabisa ni karatasi yenye tundu la sindano: ulipe jua kisogo, uache mwanga upite tunduni na kuangukia karatasi ya pili. Hapo unaitazama picha ya jua, si jua lenyewe.

Nafasi zipo. Agosti 2, 2027 jua litafunikwa lote huko Misri, ambapo karibu na mji wa Luxor giza litadumu zaidi ya dakika sita, na hapa Kenya tutaona likimegwa tu. Nayo Mei 21, 2031 pete itapita tena kusini mwa Tanzania, ikitokea Angola na Zambia, kabla ya kuvuka bahari kwenda India.

Zaidi ya hayo, tusidhani mambo haya ni ya milele. Vipimo vinaonyesha kwamba mwezi unajitenga na dunia kwa karibu sentimita 3.8 kila mwaka. Itafika siku, mamia ya milioni ya miaka kutoka sasa, ambapo utakuwa mdogo mno machoni kuweza kulifunika jua lote. Watakaokuwapo wataona pete tu.

Mdogo wangu sasa ana binti. Juzi nilipowatembelea, mtoto alikuwa akivuta droo za kabati, akatoa kitu kilichofungwa kwa leso kuukuu. Mama yake alitaka kumnyang'anya, akidhani ni chupa. Mdogo wangu akasema amwache. Akaifungua leso, akamketisha mapajani kibarazani.

"Uso chini kwanza," nikamsikia akimwambia. "Ziba macho. Haya, sasa inua."